Paa la Turubai kwa Land Rover Kuukuu: Kazi Hii Tunaimudu Ukambani

Magari madogo ya wazi ya viti viwili, yale ambayo Waingereza waliyapenda sana miaka ya 1950 na 1960, ni nadra kuyaona Ukambani. Mwenye hamu ya kuitazama MG au Triumph iliyotunzwa vizuri husubiri mashindano ya Concours d'Elegance, yanayofanyika Nairobi tangu mwaka 1970. Huku Kitui na Makueni gari la wazi la zamani lina sura nyingine. Ni Land Rover yenye kioo cha mbele kilichosimama wima, bodi ya alumini iliyogongwagongwa, na nyuma yake fremu ya mabomba inayosubiri nguo. Liko gereji, liko uani kwa mstaafu, liko shambani likibeba maji na mbuzi. Mara nyingi injini bado inawaka. Kilichokwisha ni paa.

Gari hilo lilizinduliwa mwaka 1948, na tangu mwanzo lilikuwa la kufunikwa kwa turubai. Hata toleo la Series III, lililotengenezwa kati ya 1971 na 1985, mnunuzi aliweza kulichukua na paa la bati au la turubai, kwenye chesi fupi ya inchi 88 au ndefu ya inchi 109. Kwa hiyo anayelirudishia turubai leo halibuni umbo jipya, analirejesha gari kwenye umbo alilolikusudia mwenye kulichora. Swali ni namna ya kuifanya kazi hiyo ukiwa Mwingi, Mutomo au Wote, mbali na duka lolote linalouza paa lililoshonwa tayari.

Wenye magari hufuata mojawapo ya njia tatu. Ya kwanza ni kuagiza paa kamili kutoka Uingereza. Ya pili ni kuachana na turubai, ukamwita fundi wa kuchomelea akafunika nyuma kwa bati. Ya tatu ni kushonesha papa hapa. Nimezipima zote, na nasimama na ya tatu bila kusitasita, ila kwa masharti. Mapaa mengi ya nyumbani hayaharibiwi na uhaba wa vifaa. Yanaharibiwa na mpangilio wa kazi: mtu ananunua kitambaa kabla hajaikagua fremu, anakata kabla hajatengeneza kiolezo, na anafunga vifungo kabla hajavuta.

Kwa nini paa la kuagiza halitoshi

Paa la kiwandani hushonwa kwa vipimo vya gari lililonyooka. Land Rover iliyopita miaka 40 au 50 kwenye njia za Ukambani si gari hilo tena. Kioo cha mbele kimewahi kupinda kikanyooshwa kwa nyundo. Ubavu mmoja ulitoka kwenye gari lingine. Mlango wa nyuma una bawaba za kubuni. Kifurushi kinafika, kimelipiwa usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, halafu upande wa kushoto unakaa sawasawa na wa kulia unapungukiwa na vidole vitatu. Hapo mwenye gari humwita fundi wa hapa arekebishe kilichoshonwa na wengine, na kurekebisha nguo ya mtu ni kazi ngumu kuliko kuishona upya.

Bati nalo lina hoja yake. Halioshwi, halishonwi, na mwizi hapenyi kwa wembe. Lakini likichomelewa moja kwa moja huongeza uzito juu ya gari ambalo tayari liko juu, nalo hugeuza nyuma kuwa tanuri ifikapo Februari. Tena, chuma kikilala juu ya bodi ya alumini na unyevu ukapita katikati yake, alumini huanza kuliwa pole pole, ikitoa ungaunga mweupe pembeni mwa kila bolti. Kila mahali fremu ya chuma inapokanyaga bodi panahitaji kipande cha mpira. Kanuni hiyo inamhusu hata anayechagua turubai.

Ujuzi tayari uko mtaani

Tukisema kazi hii ni ya kujifanyia, hatumaanishi mtu mmoja ajifungie na kitabu cha maelekezo. Kila kipande cha kazi kina fundi wake. Wanaotengeneza mahema ya harusi na mazishi hupinda mabomba kila wiki. Wanaoziba matundu ya turubai za malori katika vituo vya barabara ya Mombasa, kama Emali, Makindu na Mtito Andei, wanajua mshono gani hustahimili upepo. Wanaoshona viti vya magari na vifuniko vya tuktuk wana cherehani inayopenya tabaka nne za rekzini. Hata pikapu za abiria za zamani, zile za watu kuketi wakitazamana chini ya turubai, zilitoka mikononi mwa mafundi wa jua kali.

Kinachokosekana ni mtu wa kuwaunganisha. Fundi wa mabomba hamjui fundi wa cherehani, na kila mmoja hupima kwa kamba yake. Kazi ya mwenye gari, ambayo hapaswi kumwachia mtu yeyote, ni tatu: kupima, kutunza kiolezo, na kuwapo wakati wa kuvuta.

Fremu kwanza

Anza na gari likiwa tupu, kwenye sakafu iliyo sawa, magurudumu yote yana upepo wa kutosha. Chukua utepe, pima kutoka kona ya juu ya kioo cha mbele upande wa dereva hadi kona ya nyuma ya upande wa pili. Kisha pima mshazari wa upande mwingine. Vipimo viwili vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, rekebisha chuma. Anayejaribu kuificha hitilafu ya fremu kwa kukata kitambaa upande, atapata paa lenye mkunjo wa kudumu, na kwenye mkunjo ndipo maji hutuama.

Kama matao ya mabomba yamepotea, yatengenezwe. Hapa inafaa kumtazama fundi kwa karibu. Bomba likipindwa tupu huvunjika kifuani na kuwa bapa. Fundi mzuri huziba ncha moja kwa kigingi cha mti, akajaza mchanga uliochekechwa, huku akiligonga bomba ubavuni ili mchanga ushuke na kushikana. Akiona hauingii tena, huziba ncha ya pili, akapasha moto sehemu ya kona hadi iwe nyekundu, akalipinda taratibu kwenye kiunzi. Mchanga hukataa kubonyea, na bomba hupinda likiwa mviringo. Mambo mawili hayana mjadala. Mchanga uwe mkavu kabisa, maana maji yaliyofungiwa ndani ya bomba la moto hugeuka mvuke unaoweza kulipua kigingi na kumjeruhi mtu. Na bomba lisiwe lile lililopakwa zinki, kwa kuwa zinki ikichomwa hutoa moshi unaoumiza mapafu. Tumia bomba jeusi, ulipake rangi baadaye.

Matao yakishasimama, pitisha kiganja kila mahali kitambaa kitakapogusa. Palipo na donge la kuchomelea, sugua kwa tupa. Vumbi likikaa kati ya chuma na turubai hufanya kazi ya msasa kila gari linapotikisika, na donge dogo la leo ni tundu la mwaka kesho.

Kitambaa cha nchi ya jua

Kitui iko karibu sana na ikweta, na jua lake halina msimu wa kupumzika. Mvua huja mara mbili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na ile ya vuli ndiyo wakulima wa Ukambani huitegemea zaidi. Kwa hiyo paa letu hufanya kazi ya kivuli siku nyingi sana, na kazi ya mwavuli siku chache lakini za kishindo. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya Uingereza, ambako adui mkubwa ni unyevu wa mwaka mzima, hautufai neno kwa neno.

Turubai za plastiki za bei nafuu, zile za buluu zinazofunika vibanda vya sokoni, ziwekwe kando. Jua huzikatakata zikawa nyuzi. Turubai ya lori, yaani polista iliyopakwa PVC, ni imara na haipitishi tone, lakini ni nzito, haipumui, na joto la ndani huwa kali. Inamfaa anayebeba mizigo na asiyekunja paa mara kwa mara. Rekzini ya viti inapendeza ikiwa mpya, ila nyingi zimetengenezwa zikae ndani ya gari, na zikianikwa juani hukauka na kupasuka.

Turubai ya pamba nzito, iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, ndiyo naipa alama za juu kwa gari la kutembelea. Inapumua, haipigi kelele kwenye upepo, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kubana matundu ya sindano. Udhaifu wake ni mmoja: ikikunjwa mbichi huota ukungu na kuoza. Kwa hiyo baada ya mvua iache imetandazwa hadi ikauke hata ndani ya pindo. Rangi ya kaki au ya mchanga huficha vumbi na kupunguza joto kuliko nyeusi au kijani kibichi.

Pamba hunywea. Kabla ya kukata chochote, kata mraba wa futi moja kwenye kitambaa ulichonunua, uloweke usiku kucha, uanike, uupime tena. Ukipungua nusu inchi, basi paa la futi nane litapungua inchi nne, na hakuna mkono utakaolivuta lifike kwenye kioo cha mbele. Jaribio hilo halina gharama yoyote, na linamwokoa mtu na hasara ya kitambaa kizima.

Watu wa Mwingi, ambako asali ni biashara ya miaka mingi, wanaweza kushawishika kuipaka turubai nta ya nyuki. Nta huzuia maji kweli. Lakini huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi na kulainika mapema zaidi, na paa la gari lililoegeshwa juani hupata moto kiasi cha kuifanya inate. Ikinata hushika vumbi la barabara na kuwa tope gumu. Nta ipakwe kwenye mistari ya mshono tu, chini ya pindo.

Kiolezo, kukata na kushona

Kiolezo kikatwe kwa merikani isiyopaushwa, au kwa magunia yaliyofumuliwa na kuunganishwa. Kitandazwe juu ya fremu, kibanwe kwa vibanio, kisha kichorwe kwa kalamu: mstari wa katikati kutoka mbele hadi nyuma, mahali pa kila tao, ukingo wa kila mlango, na tundu la kila kifungo. Andika neno "mbele" na neno "kulia". Wanaopuuza maneno hayo mawili huishia kushona paa lililopinduka ndani nje.

Kwenye turubai, ongeza inchi moja na nusu kila upande kwa ajili ya pindo, na zaidi kidogo nyuma. Vipande viungane kwa mshono wa kukunja, kingo zote mbili zikiwa zimefichwa, na mistari miwili ya uzi. Kipande cha juu kilalie cha chini, na cha mbele kilalie cha nyuma, ili maji na upepo vipite bila kupata mlango. Uzi uwe wa polista. Nailoni huonekana imara dukani, lakini jua huidhoofisha haraka, na paa huanza kufumuka ilhali kitambaa bado kizima. Mishono sita hadi minane kwa kila inchi inatosha. Ikisongamana zaidi ya hapo, sindano huwa imetoboa mstari wa kuchania.

Mahali kila tao linapopita, shonea kipande cha pili cha turubai au cha ngozi upande wa ndani. Fanya hivyo pia kwenye kona na pale kamba zinapovutwa. Dirisha la nyuma liwe la plastiki angavu nzito, nalo lishonwe mwisho, paa likiwa limeshavutwa na likatulia. Ukilishona mapema litakaa na mawimbi.

Sasa kuvuta. Wahenga walisema mwamba ngoma huvuta kwake, na hapa ndipo msemo huo unapogeuka onyo. Watu wawili wasimame, mmoja kila ubavu, na mstari wa katikati ulalie alama ya katikati ya kioo na ya kila tao. Funga katikati ya mbele, kisha katikati ya nyuma. Halafu songeni pamoja kutoka katikati kwenda pembeni, mkono kwa mkono, kifungo cha kushoto na cha kulia kwa wakati mmoja. Mmoja akitangulia, paa lote humfuata yeye na kona ya pili hubaki wazi. Matundu ya pete za shaba yatobolewe wakati huo, kitambaa kikiwa kimevutwa, wala si mezani.

Saa ya kazi ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Vitabu vya Ulaya humshauri fundi atoe kitambaa cha plastiki juani kilainike ndipo avute. Ukifanya hivyo Kitui saa sita mchana, PVC au rekzini itavutika kupita kiasi. Usiku inapopoa na kunywea, itang'oa vifungo au kukataa kufungika asubuhi. Funga paa la plastiki saa mbili au saa tatu asubuhi, likaze kwa kiasi, na jua la mchana lilinyooshe lenyewe. La pamba lina tabia nyingine: likilowa hukaza, kwa hiyo kamba zake ziache nafasi kidogo ya kulegezwa mvua inapoanza.

Vumbi na moshi

Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui imewekwa lami, na lami imeleta mwendo wa kasi. Turubai isiyofungwa vizuri iliyostahimili kilomita 40 kwa saa kwenye kokoto huanza kupiga kama bendera kwenye 80, na upepo hupenya kwenye kila pengo. Lakini ukitoka tu kwenye lami, tatizo la zamani liko palepale. Gari lenye mgongo wa wima linapokwenda huacha nyuma yake eneo la hewa yenye mgandamizo mdogo. Hewa hiyo huvuta vumbi liingie ndani kupitia pazia la nyuma. Dawa yake ni pazia lenye pindo pana linaloshuka chini ya ukingo wa mlango, pamoja na kufungua vile vijimlango viwili vya hewa chini ya kioo cha mbele ili upepo unaoingia usukume kutoka ndani kwenda nje.

Msomaji akumbuke kwamba kinachovuta vumbi huvuta pia moshi wa ekzosi. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kuua abiria aliyesinzia nyuma. Bomba la ekzosi lililokatika katikati ya gari, jambo la kawaida kwa magari haya, ni hatari kubwa zaidi pale mtu anapofunga turubai pande zote. Kabla ya kushona pazia la nyuma, hakikisha ekzosi ni nzima, haina tundu, na inatoka hadi ukingoni mwa gari.

Sheria na usalama

Turubai haimlindi mtu gari likipinduka. Jambo hilo lisemwe wazi, kwa sababu kivuli kizuri huwashawishi watu kujazana nyuma. Kanuni zilizosimamiwa na John Michuki, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliyataka magari ya abiria yawe na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, na hazikuja bila sababu: barabara zilikuwa zimekula watu wengi mno. Mwenye Land Rover ya kibinafsi naye aweke viti vilivyofungwa kwenye sakafu kwa bolti, na mikanda, au asibebe watu nyuma. Na anayeondoa paa la bati akaweka turubai aangalie logibuku yake inasema gari ni la bodi gani. Ikitofautiana, aende kwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kabla ya kukutana na polisi njiani.

Kutunza

Maji ya visima vingi vya Kitui yana chumvi. Yakikauka kwenye turubai huacha chembe zinazokwaruza na kuozesha pete za shaba, kwa hiyo osha kwa maji ya mvua ukiweza. Sabuni ya unga huondoa dawa ya kuzuia maji. Brashi laini na sabuni kidogo ya kipande inatosha. Dirisha la plastiki lisifutwe likiwa na vumbi kavu. Limwagiwe maji kwanza, lifutwe baadaye, wala lisikunjwe katikati. Mshono ukiachia kidole kimoja, ushonwe siku hiyohiyo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uamuzi

Paa la turubai lililoshonwa Ukambani, kwa fremu iliyonyooshwa kwanza na kitambaa kilichopimwa kwa maji, linalikaa gari la hapa kuliko lile linaloletwa kwa meli, na fedha yake inabaki mikononi mwa majirani. Sharti ni kwamba mwenye gari asimamie vipimo, na asimpunje fundi kisha akalaumu mshono.

Nina ombi moja kwa kila atakayeifanya kazi hii. Kiolezo chako usikitupe. Kikunje, andika juu yake aina ya gari na mwaka, na umpe fundi nakala. Vyuo vya ufundi vya kaunti, vilivyo chini ya serikali za Kitui na Makueni tangu ugatuzi, vina madarasa ya ushonaji na ya uchomeleaji yanayofundishwa mbali mbali. Gari moja kuukuu likiletwa uani mwa chuo lingeyakutanisha madarasa hayo mawili kwa muhula mmoja, na wanafunzi wangetoka na ujuzi unaolipa, kwa maana mahema, malori na tuktuk havitakwisha. Walimu na maafisa wa elimu wa kaunti, anzeni na hilo.